Maji Humtaja Mnyama: Habari za Wapiti wa Amerika

Mwindaji wa kwetu akitaka kumpata mnyama wakati wa kiangazi hazunguki ovyo porini. Anajiuliza kwanza: maji yako wapi? Majani yamekauka, vijito vimekatika, na wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wanalazimika kukusanyika penye maji machache yaliyobaki. Mwenye kujua mahali pale amekwisha kumjua mnyama kabla hajamwona kwa macho. Wazee wetu walilijua jambo hilo, wala hawakulisoma katika kitabu.

Leo tunataka kuwasimulia habari za watu wa mbali waliotumia akili hiyo hiyo katika nchi ya baridi na theluji, ng'ambo ya bahari kuu. Waliwinda mnyama ambaye sisi hatuna. Lakini mtakapofika mwisho mtaona kwamba habari zao zinatuhusu sisi pia. Kwa maana maji yaliyowaonyesha watu mahali alipo mnyama ndiyo yaliyokaribia kummaliza, na ndiyo yaliyowafundisha baadaye namna ya kumhifadhi.

Mnyama mwenyewe

Mnyama huyo huitwa wapiti. Jina hilo limetoka katika lugha ya kabila la Shawnee, nalo maana yake ni "tako jeupe", kwa sababu manyoya ya nyuma yake yana weupe unaoonekana toka mbali. Yeye ni wa jamaa ya ayala, wale wanaotajwa mara kwa mara katika Maandiko Matakatifu. Dume mzima ana uzito wa kilo 300 na zaidi, jike ni mdogo kuliko yeye. Pembe za dume si kama za nyati au za mbawala. Zina matawi kama mti, tena huanguka kila mwaka majira ya baridi yakiisha, kisha huota upya na kukomaa mnamo mwezi wa Agosti. Jike hana pembe.

Mwezi wa Septemba ni wakati wao wa kupandana. Hapo dume hulia kwa sauti nyembamba na kali kama filimbi, nayo husikika mbali sana mabondeni. Anakusanya majike, anawafukuza madume wenzake, anakula kidogo tu, anahema mchana kutwa. Mwili wake unawaka joto. Basi anatafuta maji, na zaidi ya maji anatafuta matope.

Jinsi maji yanavyomtaja

Mgeni anaweza kufikiri kwamba kazi ni rahisi: nenda mtoni, kaa, ngoja. Sivyo. Mto mkubwa unapita bonde zima, na mnyama anaweza kunywa po pote apendapo. Mto wa namna hiyo haumwambii mwindaji neno lo lote. Kinachosema ni maji madogo: chemchemi iliyojificha katikati ya miti mlimani, kidimbwi kilichobaki katika kijito kilichokauka. Mahali ambapo hakuna maji mengine karibu, hapo mnyama hana njia ya pili.

Lazima kujua majira pia. Theluji ikiyeyuka na majani yakiota, wapiti hupata maji mengi katika majani yenyewe. Wakati wa baridi kuu hula theluji. Miezi hiyo chemchemi haina habari nyingi za kutoa. Bali majira ya joto yakielekea kwisha na majani yakikauka, ndipo anapoanza kushuka kunywa, hasa alfajiri na jioni. Jike anyonyeshaye hakai mbali na maji hata kidogo, kwa kuwa maziwa hutaka maji. Mwenye kuona jike na ndama wake ajue kwamba kinywaji kiko karibu.

Mwindaji mwenye akili akifika penye chemchemi hasogei upesi. Anasimama, anatazama. Je, kuna njia ngapi? Njia za wanyama zikikutana mbili mbili na kuwa moja, ile moja inaelekea majini. Anatazama ukwato. Kingo za alama zikiwa kali na udongo wake bado una unyevu, mnyama amepita sasa hivi; kingo zikiwa zimebomoka na majani yameangukia ndani, amepita zamani. Anatazama maji yenyewe. Yakiwa bado yamevurugika, yana rangi ya udongo, basi mwenyewe hayuko mbali.

Tena kuna shimo la matope. Dume wakati wa kupandana huchimba kwa kwato na pembe mahali penye majimaji, hukojoa humo, kisha hujigaagaza mpaka mwili wote unakuwa mweusi. Hilo ndilo pambo lake na manukato yake! Mahali hapo hunuka sana, hata mtu hutambua kwa pua kabla ya macho. Akitoka hujisugua kwenye miti, na matope yanabaki juu ya magamba ya miti. Matope mabichi ni habari ya leo. Matope makavu ni habari ya juzi.

Baada ya hayo yote kuna jambo moja linalowashinda wengi, nalo ni upepo. Katika milima, usiku na asubuhi hewa ya baridi huteremka bondeni kama maji. Jua likipanda, hewa ya joto hupanda mlimani. Mwindaji aliyekaa vizuri alfajiri anaweza kuwa amekaa vibaya saa nne, kwa kuwa harufu yake sasa inampelekea mnyama habari. Wapiti akinusa mtu mara moja tu, huondoka pamoja na kundi lake, na siku hiyo hawarudi.

Kwa hiyo wenye ujuzi hawakai juu ya chemchemi yenyewe. Hukaa kando ya njia, kati ya mahali wanyama wanapolala na mahali wanapokunywa, upande ambao upepo unawajia usoni. Nao hawarudi hapo kila siku. Chemchemi inayosumbuliwa asubuhi na jioni huachwa: wanyama huanza kunywa usiku wa manane, au huhamia bonde jingine. Mwenye pupa hujinyima mwenyewe. Hapa tayari pana fundisho, lakini tuendelee na historia.

Wageni waongozwa na wenyeji

Kabla ya Wazungu kufika, wapiti walienea karibu Amerika ya Kaskazini nzima. Wataalamu hukadiria kwamba walikuwa kama milioni 10. Makabila mengi yaliishi pamoja nao. Nyama ilikuwa chakula, ngozi ilikuwa nguo na viatu, pembe zilikuwa vyombo. Kila wapiti ana meno mawili ya juu yaliyo kama pembe ya tembo. Wanawake wa kabila la Crow walishona meno hayo juu ya nguo zao za sikukuu. Nguo yenye meno 300 ilitaka wanyama 150, basi kila mtu aliyeiona alijua kwamba katika nyumba ile kuna wawindaji hodari, na kwamba kazi hiyo ilifanyika kwa miaka mingi.

Upande wa mashariki, katika nchi iitwayo leo Kentucky, zilikuwako chemchemi za maji ya chumvi. Wanyama hupenda chumvi sana. Nyati wa Amerika, wapiti na ayala wengine walizijia kwa makundi, hata njia zao zikawa pana kama barabara. Wenyeji waliwinda hapo. Wazungu wa kwanza waliovuka milima katika karne ya 18 walifuata njia hizo hizo za wanyama, wakafika penye chemchemi, nao wakawinda na kuchemsha chumvi. Daniel Boone, aliyesifiwa sana kati ya wawindaji wale, alitekwa na Washawnee mwezi wa Februari 1778, wakati watu wake walipokuwa wakitengeneza chumvi penye chemchemi iitwayo Lower Blue Licks. Mwaona: maji yale yaliwakusanya wanyama, yakawakusanya na watu, na watu wakagombana. Kabla ya karne ya 19 kwisha, hakuna wapiti hata mmoja aliyebaki Kentucky.

Upande wa magharibi habari ilianza kwa upole zaidi. Katika mwaka 1805 wasafiri wa serikali ya Marekani, wakiongozwa na Lewis na Clark, walifika penye mlango wa mto Columbia, karibu na bahari. Majira ya baridi yaliwakuta wakiwa na njaa na nguo zilizooza kwa mvua. Wajenge wapi? Wenyeji, watu wa kabila la Clatsop, waliwaambia kwamba wapiti ni wengi upande wa kusini wa mto. Wasafiri wakasikia shauri lile, wakajenga ngome yao huko, wakaiita kwa jina la kabila lile. Toka Desemba mpaka Machi 1806 waliua wapiti 131, katika misitu na mabwawa ya nchi ile. Walikula nyama yake karibu kila siku, na kwa ngozi zake walishona jozi zaidi ya 300 za viatu kwa safari ya kurudi. Lakini mwezi wa Machi wanyama walikuwa wamehama mabondeni na kupanda milimani, na njaa ikaanza kubisha hodi. Wasafiri wakaondoka.

Tusilisahau jambo hilo. Watu wale waliokuwa na bunduki, vitabu na vyombo vya kupimia nyota, waliishi majira yale ya baridi kwa sababu wenyeji waliwaonyesha mahali pa wanyama.

Padri De Smet na bonde la Bitterroot

Katika milima mikubwa ya Rocky waliishi Wasalishi, ambao wageni waliwaita pia Flatheads. Walisikia habari za dini katoliki kutoka kwa Wairoki waliokuja kukaa kati yao, watu wa mashariki waliokwisha kubatizwa. Wakatamani kupata mapadri, ambao waliwaita "Kanzu Nyeusi". Toka mwaka 1831 mpaka 1839 walituma wajumbe mara nne mpaka mji wa Saint Louis, safari ya miezi mingi kupitia nchi za adui. Wajumbe wa mwaka 1837 waliuawa njiani. Wasalishi hawakukata tamaa, wakatuma wengine.

Aliyewaitikia alikuwa Mbelgiji, Padri Pierre-Jean De Smet, Mjesuiti, aliyezaliwa Dendermonde mwaka 1801. Mwaka 1840 aliwatembelea, na mwezi wa Septemba 1841 akarudi pamoja na Padri Nicolas Point, Mfaransa, na Padri Gregorio Mengarini, Mwitaliano, na mabruda watatu. Wakaanzisha misioni ya Mtakatifu Maria katika bonde la mto Bitterroot, katika Montana ya leo. Padri Point alifuatana na Wasalishi katika safari zao za uwindaji, akachora picha nyingi za kambi na za wawindaji. Picha hizo zinatuonyesha mpaka leo maisha ya watu wale kabla hayajaharibika.

Wamisionari walileta mbegu, wakafundisha kulima ngano na viazi. Lakini Wasalishi waliendelea kuwinda, maana nchi yao ilikuwa na wanyama wengi. Walijua kila kijito, kila chemchemi, kila njia ya mlimani. Bonde lile lilikuwa ghala yao.

Haikuwa hivyo siku zote. Walowezi waliongezeka bondeni, wakatwaa ardhi yenye maji mazuri. Mkataba wa mwaka 1855 uliwaahidi Wasalishi mengi, lakini ahadi haikutimizwa ipasavyo. Mkuu wao Charlo, Mkristu, alikataa miaka mingi kuondoka, wala hakutumia silaha. Mwishowe, mwaka 1891, yeye na watu wake wakaondoshwa kwa nguvu, wakahamishiwa kaskazini. Watu waliojua chemchemi zote walifukuzwa penye chemchemi zao. Jambo hilo lilikuwa udhalimu, na hatuwezi kuliita kwa jina jingine.

Biashara yafika penye maji

Wakati huo huo maangamizi ya wanyama yalikuwa yameanza. Mwindaji anayetafuta chakula cha nyumba yake akiua mnyama mmoja, anashughulika: achune, akate nyama, aikaushe, aibebe. Kazi yenyewe inamwekea mpaka. Lakini mtu anayeua kwa kuuza ngozi hana mpaka, ila idadi ya risasi zake.

Katika California dhahabu ilipatikana mwaka 1848, na watu maelfu kwa maelfu wakamiminika. Wote walitaka nyama. Huko waliishi wapiti wa namna yao, wadogo kidogo, waliokaa katika mabonde yenye matete na maji. Wataalamu hukadiria kwamba walikuwa kama 500,000 hapo zamani. Waliuawa upesi hivi kwamba sheria ilipotolewa mwaka 1873 kukataza kuwawinda, wengi walidhani hakuna tena wa kukatazwa.

Tazameni sasa ajabu ya Mungu. Mwaka 1874, katika mashamba ya tajiri mmoja wa ng'ombe, Henry Miller, watu walikuwa wakikausha mabwawa karibu na ziwa la Buena Vista. Ndani ya matete wakaonekana wapiti wachache sana. Husemwa walikuwa dume mmoja na jike mmoja tu. Maji na matete yalikuwa yamewaficha wakati wenzao wote walipokuwa wakiuawa. Miller mwenyewe alikuwa mchinjaji, aliyetajirika kwa kuuza nyama. Lakini aliamuru watu wake wasiwaguse, akaahidi zawadi ya feza kwa atakayemtaja mtu mwenye kuwasumbua. Kutoka kwa mabaki yale wametoka wapiti wote wa namna ile walioko leo, nao ni zaidi ya 5,000.

Katika milima, maangamizi yalifika hata Yellowstone. Nchi hiyo yenye chemchemi za maji ya moto ilikuwa imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1872, ya kwanza ya namna hiyo. Lakini sheria haikuwa na walinzi. Taarifa za mwaka 1875 zasimulia kwamba wafanya biashara wa ngozi waliua wapiti kwa maelfu katika mabonde, wakati theluji nyingi ilipowazuia wasikimbie. Walichukua ngozi, pengine na ulimi, wakaacha nyama ioze. Baadaye yakaja mabaya zaidi. Katika miji, mabwana walianza kuvaa yale meno mawili juu ya mnyororo wa saa, kuwa alama ya chama chao. Basi wako watu waliomwua mnyama wa kilo 300 kwa ajili ya meno mawili.

Lilinganisheni jambo hilo na nguo ya mwanamke Mcrow. Meno ni yale yale. Lakini huku nyama imeliwa na watoto, na ngozi imevaliwa. Kule mizoga imeachwa kwa kunguru. Mwanzoni mwa karne ya 20, wapiti wa Amerika ya Kaskazini hawakufika 100,000.

Kutia kipimo

Watu walizinduka polepole. Mwaka 1883 uwindaji ulikatazwa katika Yellowstone. Mwaka 1886 askari walitumwa kulinda. Mwaka 1894 sheria yenye adhabu ikatolewa. Hapo wanyama wakaanza kupumua.

Lakini hifadhi ya mlimani haikutosha. Wapiti hushuka mabondeni wakati wa baridi kutafuta majani, na mabonde yalikuwa sasa yamejaa mashamba na nyua. Kusini ya Yellowstone, katika bonde la Jackson, walikufa njaa kwa wingi katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Wakulima wenyewe waliona huruma, wakawapa majani makavu ya ng'ombe wao, ingawa hawakuwa matajiri. Serikali ikasaidia, na mwaka 1912 ikaweka hapo hifadhi ya wapiti kwa majira ya baridi. Toka Yellowstone na Jackson wanyama walipelekwa kwa gari la moshi katika sehemu nyingi walikokwisha kutoweka: Pennsylvania na Arizona mwaka 1913, na nyingine baadaye. Hata Kentucky ilipata wapiti zaidi ya 1,500 kutoka magharibi kati ya 1997 na 2002. Leo katika Amerika ya Kaskazini wako karibu milioni moja.

Arizona ni nchi kavu. Huko habari ya maji ni habari ya uzima. Sheria ya huko yakataza mtu kupiga kambi karibu na kisima au kidimbwi, kwa umbali wa karibu mita 400, ikiwa kukaa kwake kunawazuia wanyama wasifikie maji ambayo ndiyo pekee yaliyo karibu. Tena watu walianza kutundika penye maji vyombo vinavyopiga picha vyenyewe usiku na mchana, ili wajue saa ya kila mnyama kunywa. Chemchemi moja ikawa na vyombo vingi, na watu wanaingia na kutoka bila kupumzika. Toka Januari 2022 Arizona imekataza vyombo hivyo kwa kazi ya uwindaji. Uwindaji wenyewe haukukatazwa. Mwenye kibali anaweza kungoja karibu na maji kama babu zake. Lakini ni lazima mnyama aachiwe nafasi ya kunywa.

Tuongeze jambo moja, ili tusidhani kwamba kulinda ni kuongeza hesabu tu. Katika Yellowstone watu waliwaua mbwa-mwitu wote. Wa mwisho waliuawa mwaka 1926. Wapiti wakazidi. Walikaa kando ya vijito majira yote ya baridi, wakala miche ya mierebi mpaka chini. Mnyama aitwaye kastori, ambaye hukata miti midogo na kujenga mabwawa, akakosa miti, akaondoka. Mabwawa yakabomoka, vijito vikachimba ardhi, maji yakashuka chini. Mwaka 1995 na 1996 serikali ikawarudisha mbwa-mwitu 31 kutoka Canada. Wapiti wakapungua, na mahali kadha wa kadha mierebi imeota tena, ingawa wataalamu wanaendelea kubishana juu ya sababu zote. Basi maji humwonyesha mnyama, na mnyama naye anaweza kuyaharibu maji. Kila kiumbe kina kipimo chake.

Na sisi?

Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Ubelgiji alisafiri Marekani, akaona hifadhi za taifa za huko, akapendezwa. Mwaka 1925 ikaanzishwa katika Kongo hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika, ikapewa jina lake. Leo tunaiita Virunga. Ndiyo kusema mawazo yaliyozaliwa penye chemchemi za Yellowstone yalifika mpaka kwetu, Rutshuru na Ziwa Edward. Yalifika pia na kasoro ile ile: mara nyingi wenyeji waliojua maji na wanyama hawakuulizwa shauri, wakahamishwa, na jeraha hilo halijapona vizuri.

Katika Ziwa Edward na mito yake viboko walikuwa wengi mno. Kati ya miaka 1970 na 1980 walihesabiwa karibu 29,000. Kiboko hana siri: mchana kutwa yumo majini, kila mtu ajua alipo. Ilipokuja vita, wenye bunduki hawakuhitaji kufuata ukwato wala kupima upepo. Walisimama ukingoni wakapiga, nyama na meno vikauzwa. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Na wavuvi wanajua hasara yake, kwa kuwa samadi ya kiboko hulisha maji, na maji hulisha samaki.

Je, hii si habari ile ile ya wapiti? Maji yalimtaja mnyama, na mtu akalisikia neno hilo kwa tamaa. Lakini habari ya wapiti ina sehemu ya pili, nayo pia yaweza kuwa yetu. Mchinjaji mmoja alisema, "Msiwaguse." Wakulima maskini walitoa majani ya ng'ombe wao. Hawakuwa watakatifu wala wataalamu. Walikataa tu kuwa wa mwisho kumwona mnyama yule.

Wasomaji wapenzi, mwenye Zaburi ya 42 alifananisha roho yake na ayala mwenye kiu anayetafuta vijito. Katika kesha la Pasaka, Kanisa la Roma limeimba Zaburi hiyo tangu zamani wakati wa kwenda penye maji ya ubatizo. Na katika kanisa la Mtakatifu Klementi huko Roma, picha ya kale ya mawe madogo yaonyesha ayala wakinywa chini ya Msalaba. Wachoraji wale wangeweza kumwonyesha ayala anakimbia, au amechomwa mshale. Walichagua kumwonyesha anakunywa kwa amani.

Baba anayemfundisha mwanawe kuwinda amfundishe kusoma ukwato, matope na upepo, maana ni elimu nzuri ya wazee, na haifai ipotee. Lakini amfundishe pia kuhesabu. Wangapi wamekunywa hapa mwaka jana? Wangapi mwaka huu? Na akiona hesabu inashuka, ainuke na kuiacha chemchemi ipumzike, ili mjukuu wake naye akija kutazama asubuhi akute maji yamevurugika.